Ghorofa ya Ishirini na Saba ya Fundi Shomvi

Ipo nchi ambayo sheria yake inakataza jina lake kutamkwa na mtu aliyekaa. Wewe msomaji pengine umekaa, na si vizuri kukusumbua magoti kwa jambo dogo kama nchi, basi jina tuliache. Itoshe kusema ni nchi ya amani. Anayesema haina amani huchukuliwa, na tangu hapo hasikiki tena akisema hivyo. Ushahidi gani zaidi unautaka?

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Sura ya Mji. Wizara ilikuwa na jengo la ghorofa thelathini na moja, na nyuma ya jengo, upande wa magharibi, palikuwa na nyumba ya vyumba viwili ya Fundi Shomvi Kibambe. Shomvi alikuwa fundi bati. Ndoo, majiko, faneli, koroboi, mikebe ya kupimia mafuta, vyote vilitoka mikononi mwake, na kona zake zilinyooka hata mchwa angepotea akitafuta upenyo. Shule aliacha darasa la tatu, mwaka ambao mwalimu alipandishwa cheo na darasa likabaki na ubao. Mke wake, Bi Mwanakheri, alimwita "Fundi" tangu siku ya harusi, na kila alipomwita hivyo palikuwa na utani kidogo ndani yake, maana fundi huyo alimwahidi nyumba ya ghorofa kabla hawajaoana, na sasa ulikuwa unakwenda mwaka wa thelathini na nne.

"Fundi," angesema akifagia uani, "leo nafagia ghorofa ya ngapi?"

"Ya chini, mke wangu. Za juu zinakuja."

Ndivyo walivyoishi, mpaka Serikali ilipoamua kuuona mji.

*

Uzinduzi ulifanyika uwanjani. Waziri wa Sura, Mheshimiwa Ntandu Makelele, alipanda jukwaani akiwa na vipaza sauti vitatu, kimoja cha kusemea na viwili vya heshima.

"Ndugu wananchi! Zamani tuliujua mji huu kwa kutembea ndani yake. Ule ulikuwa ushamba! Leo tunayo setilaiti yenye rada. Haihitaji jua, haiogopi mawingu. Inapita juu yetu kila baada ya siku kumi na moja, inapiga mawimbi chini, na mji unaitika. Kompyuta inasikiliza mwitikio, inajua hiki kirefu, hiki kifupi, hili bonde, halafu inatuchongea mji mzima, una urefu, una upana, una kimo!"

Makofi. Waziri akainua kidole.

"Sasa, zipo sehemu ziliitwa zikanyamaza. Wataalamu wakaniuliza, mheshimiwa, hapa palipo kimya tuweke nini? Nikawajibu kwa busara niliyopewa pamoja na gari: asiyeitika anapoitwa na Serikali, huyo yuko shimoni. Wekeni shimo!"

Makofi yakadumu dakika nane. Yangeishia ya saba, lakini mtu mmoja mstari wa mbele alihofia kuwa wa kwanza kuacha.

Mji wa plasta ukawekwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, ukaitwa Sura. Bunge likapitisha sheria ya mistari miwili. Wa kwanza: Sura ndiyo mji. Wa pili: mji ule mwingine, wenye watu na nzi, ni nakala, na nakala ikitofautiana na Sura, nakala imekosea.

Ikaonekana nakala imekosea mahali pengi. Kwenye Sura majengo marefu yalikuwa yameinamia mashariki, upande inakotazamia setilaiti, kama walevi wanaonong'onezwa. Kuyainamisha ya kweli kukashindikana, basi wafanyakazi waliomo ndani wakaamriwa kutembea wameinama upande huo, na mhasibu mmoja aliyekuwa na mgongo mzima akastaafishwa. Kwenye Barabara ya Utii, lori la chuma lilikuwa limeegeshwa siku setilaiti ilipopita, na Sura ikaonyesha kilima cha mita tisa. Lori liliondoka zamani. Kilima kikabaki kisheria. Wapita njia wakatakiwa kuhema wakifika pale, na askari mwenye kiboko alisimama kuwasaidia wasiohema.

Na nyumba ya Fundi Shomvi? Jengo la Wizara liliikinga. Mawimbi yaligonga ghorofa thelathini na moja za Wizara, na nyuma yake hayakufika kabisa. Palikuwa kimya. Palipo kimya, Waziri alishasema. Kwenye Sura, mahali Mwanakheri anapofagia kila asubuhi, palikuwa na shimo la mita kumi na nne.

*

Wao hawakujua. Mtu anawezaje kujua kuwa yuko shimoni wakati anaona jua? Walijua siku Mwanakheri alipovimba miguu na pumzi ikaanza kumkata hata akikaa.

Shomvi akapiga simu ya gari la wagonjwa.

"Unaishi wapi, baba?" aliuliza dada wa simu, kwa sauti laini.

"Nyuma ya Wizara ya Sura. Nyumba yenye ndoo mlangoni."

Akasikia vidole vikigonga kompyuta. "Hapo ni shimo, baba. Mita kumi na nne."

"Dada, nimesimama mlangoni kwangu. Naona barabara."

"Unaiona kwa chini, baba. Magari yetu hayaingii mashimoni. Mna kamba?"

"Kamba ya nini?"

"Basi mkipata kamba mtupigie. Siku njema, na asante kwa kuwa raia."

Shomvi hakungoja kamba. Alimpakia mkewe kwenye mkokoteni aliokuwa akibebea mabati, akatandika mito miwili, jirani yao Mama Siwatu akashika upande wa pili, wakasukuma hadi hospitali kuu. Kwenye kilima cha Barabara ya Utii, Mwanakheri alikuwa akihema vizuri mno, askari akawapigia saluti.

Hospitalini muuguzi wa mapokezi aliangalia kompyuta, akamwangalia mgonjwa, akarudi kwenye kompyuta, maana ndiyo aliyoiamini.

"Mmekosea mlango, baba. Sisi tunapokea waishio juu ya ardhi. Waishio chini ya ardhi wanahudumiwa na Idara ya Makaburi."

"Mama huyu yu hai!" alisema Mama Siwatu. "Huoni anapumua?"

"Namwona, mama. Lakini wateja wa kawaida wa makaburi wako futi sita tu. Huyu yuko mita kumi na nne. Huyu amepitiliza." Akafikiri kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. "Leteni Hati ya Kimo kutoka Wizarani. Ikionyesha kwamba mko juu ya ardhi, hata sentimita moja, kitanda kipo."

Njiani kurudi Mwanakheri alilala chali kwenye mkokoteni akitazama mawingu. "Fundi," alisema kwa pumzi fupi, "uliniahidi kwenda juu. Sasa mbona tumeshuka?"

*

Wizara ilikuwa na dirisha moja la kuhudumia wananchi. Lilikuwa dogo, la kuingiza mkono tu, ili mwananchi atoe karatasi yake bila kutoa uso wake. Karani wa dirisha hilo aliitwa Bwana Nguluma, na ndani ya miaka mitatu hakuna aliyemjua zaidi ya vidole vyake. Vilikuwa vidole safi.

"Nataka Hati ya Kimo," alisema Shomvi akiwa ameinama. "Nyumba yangu si shimo. Njoo uione, ni hatua sitini kutoka hapa. Ukifungua dirisha la nyuma utaiona."

"Madirisha ya nyuma yamepigwa misumari, mzee. Watumishi walikuwa wakichungulia nje, wakawa wanachanganyikiwa. Njoo Jumanne."

Jumanne Shomvi akaja.

"Nilisema Jumanne," vidole vikajibu, "lakini Jumanne hii siyo yenyewe."

"Yenyewe ipi, Bwana Nguluma? Mke wangu analala amekaa. Akilala chini anazama."

"Mzee, hata mimi nina mke. Njoo Jumanne."

Akaja Jumanne tatu. Katika hizo, ya pili vidole vilikuwa vinakula karanga.

Siku moja mchana alikuja kwenye kibanda cha kazi cha Shomvi, kando ya nyumba, kijana aliyechoka macho, amebeba birika lililotoboka. Aliitwa Telesfori, na ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta iliyochonga Sura. Shomvi aliziba tundu huku akimweleza habari zake, na Telesfori akazidi kuinamisha kichwa, kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Fundi, lile shimo nililitia mimi," akasema mwishowe. "Najua si shimo. Ni kivuli. Rada ina kivuli kama jua. Nilimwambia Mheshimiwa, akaniuliza kama nina familia. Nikamjibu ninayo. Akasema, basi ni shimo."

Shomvi alikuwa na nyundo mkononi. Aliitazama, akaiweka chini.

"Litoe."

"Siwezi kulitoa kwa mkono. Lazima setilaiti ikuone yenyewe. Sikiliza." Telesfori akachukua vipande vitatu vya bati, akavisimamisha vikutane kama pembe ya ndani ya sanduku. "Kona kama hii, kama imenyooka sawasawa, wimbi likiingia linarudi lilikotoka, lote, kwa kelele. Rada inaipenda kuliko nyumba. Ipandishe juu ya mlingoti ipite kivuli cha Wizara, ielekeze mashariki. Setilaiti inapita Ijumaa. Lakini weka moja, Fundi. Moja tu. Moja ni ya nyumba."

"Kona nazijua," alisema Shomvi. Birika akampa bure.

*

Mabati mazito yalikuwa yamekwisha kibandani. Alipoingia ndani alimkuta Mwanakheri ameegemea ukuta, na kabla hajasema lolote, mkewe akanyoosha kidole kuelekea sanduku la bati la harusi lililokuwa uvunguni, la kijani, lenye maua mekundu kifunikoni. Alikuwa amewasikia.

"Likate," alisema.

"Sanduku lako?"

"Nguo zilizomo nimeshindwa kuzivaa, miguu imekuwa ya tembo. Likate, Fundi. Unijengee."

Shomvi alilikata akiwa amempa mgongo. Likatoka kona moja nzuri mno, imenyooka hata Mungu angeweza kuipima. Basi hapo ndipo fundi alipokosea, na ni kosa la mafundi peke yao: hakuweza kuacha bati zuri likabaki vipande. Kifuniko kilibaki, pande zilibaki. Mkono ukaendelea wenyewe. Ikatoka kona ya pili, ya tatu. Kila aliposikia pumzi ya mkewe ikikwama chumbani, aligonga nyingine, maana alidhani katika mambo ya kuonwa na Serikali, zaidi haiwezi kudhuru. Zikawa tisa.

Alizipanga kwenye mianzi iliyounganishwa, na Mama Siwatu akaja na binti yake Siwatu, mwenye mimba ya miezi saba, wakashika kamba. Mlingoti ukasimama juu ya paa, maua mekundu yakitazama mashariki.

"Mwanakheri!" aliita Mama Siwatu kupitia dirishani huku akimkorogea uji. "Toka uone, mumeo amejenga!"

Ijumaa setilaiti ikapita. Hakuna aliyeiona. Mambo ya wakubwa hupita hivyo.

*

Jumamosi Shomvi akapiga simu. Dada wa simu alipogonga kompyuta, sauti yake, iliyokuwa laini, ikawa asali.

"Loo, karibu sana, mheshimiwa mkaazi! Jengo la ghorofa ishirini na saba! La pili kwa urefu nchini! Gari linakuja sasa hivi. Mgonjwa yuko ghorofa ya ngapi?"

"Ghorofa gani, dada? Njooni tu, mtatuona."

"Haidhuru, kompyuta itajaza yenyewe ghorofa inayong'aa zaidi. Ishirini na saba."

Gari lilifika kwa dakika sita, likiwa na king'ora na machela mpya. Wakashuka wahudumu wawili wenye glavu. Mmoja alishika karatasi. Mwanakheri alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, hatua tano kutoka kwenye gari, midomo yake imegeuka rangi.

"Lifti iko wapi?" aliuliza mwenye karatasi.

"Lifti ya nini? Mgonjwa huyu hapa!"

"Mzee, tafadhali. Sisi tuna mgonjwa ghorofa ya ishirini na saba. Huyu wa mlangoni hatuna karatasi yake."

"Ndiye huyo huyo! Ni Mwanakheri, mke wangu, jina si limeandikwa hapo?"

"Jina limeandikwa, na ghorofa imeandikwa. Nikibeba mtu kutoka chini wakati karatasi inasema juu, nitakuwa nimeiba mgonjwa. Kama lifti mbovu, sema tuombe kibali cha ngazi."

Mama Siwatu akawatukana matusi yote aliyoyajua, na mengine akayabuni. Shomvi alipiga magoti mbele ya mwenye karatasi, akamshika mguu wa suruali. Yule mhudumu wa pili, kijana, akaanza kuivuta machela kuelekea mkekani. Mwenzake akamkazia macho, akaacha.

Mwanakheri akainua mkono kidogo. Shomvi akamsogelea.

"Fundi," alisema. "Waambie nimeshashuka."

Akawaambia. Mwenye karatasi alitafuta mahali pa kuandika jambo hilo, akakosa. Akapiga simu Wizarani kuomba kibali cha ngazi. Kilipatikana haraka sana, kwa kuwa sasa walikuwa watu wa ghorofani: robo saa tu. Mwanakheri alikuwa amemaliza dakika kumi kabla.

Hati ya kifo ikaandikwa palepale, na sababu ikajijaza yenyewe: *ameanguka kutoka ghorofa ya ishirini na saba, kwa uzembe wa mwenye jengo.*

*

Siku ya tatu ya msiba, watu wakiwa chini ya turubai, magari kumi na manne yalifika. Mheshimiwa Makelele akashuka, akaona turubai, akaona umati umekaa kwa adabu, akafurahi.

"Nawashukuru kwa kujitokeza kwa wingi!" alisema, na kipaza sauti kikaletwa mbio. "Ndugu wananchi, siku kumi na moja tu zilizopita hapa palikuwa shimo. Leo pamesimama jengo! Nchi gani nyingine duniani inajenga ghorofa ishirini na saba kwa siku kumi na moja? Wako wanaosema Serikali hii haijengi. Waje hapa watazame juu!"

Wote wakatazama juu. Kwenye mwanzi kona tisa zilikuwa zinatikiswa na upepo.

Akaomba mkasi akate utepe. Utepe haukuwepo, na kwa kuwa mkasi ulishatolewa na hauwezi kurudi mtupu, akakata kamba ya turubai. Turubai likawaangukia waombolezaji, na kutoka chini yake kikasikika kilio, ambacho redio ilikieleza kuwa vigelegele.

Kisha Waziri akamshika Shomvi bega. Alinukia marashi ya bei.

"Bwana Kibambe, pole. Naona hapa una kesi ya kuua kwa uzembe. Ghorofa ndefu bila vizuizi! Lakini sisi si watu wa kisasi. Nakusamehe hapa hapa. Sharti moja tu, jengo lisipungue hata ghorofa moja, maana limeshaingia kwenye hotuba. Likipungua, kesi inarudi. Tena nakuteua Mwenyekiti wa Jengo."

Akamvika kofia, akamkabidhi muhuri.

Shomvi alitaka kumtemea mate. Jambo hilo lijulikane, kwamba alitaka. Mate yalikuwa tayari mdomoni. Lakini macho yake yalipanda mlingotini, yakaona ua jekundu la sanduku la Mwanakheri likimeta, akakumbuka kwamba wakimfunga, cha kwanza kushushwa itakuwa ile kona. Akayameza mate. Akasema asante.

*

Baada ya hapo wateja wakabadilika. Ndoo hazikuulizwa tena. Watu walikuja kutaka barua: barua ya kuthibitisha kwamba wanaishi ghorofa ya nne, ya tisa, ya kumi na mbili, wapate kutibiwa, wapate kuandikisha watoto. Shomvi akawa anagonga muhuri pale pale alipokuwa anagonga bati. Mwanzoni aliwagongea wote. Halafu wakawa wengi, wanapumua usoni, wanalia. Akatoboa dirisha ukutani.

Setilaiti ilipita tena, na tena.

Asubuhi moja akaja Mama Siwatu, kichwa wazi, kanga imefungwa vibaya.

"Shomvi! Siwatu ameshikwa na uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, mkunga ameshindwa. Nimepiga simu, wanasema kwangu ni shimo la mita ishirini! Hapakuwa na shimo kwangu, Shomvi. Ni hilo jengo lako. Limetufunika kama Wizara ilivyokufunika wewe."

Akagonga ukuta kwa kiganja.

"Wamesema setilaiti inapita leo saa nane. Teremsha hizo kona, hata kwa saa moja tu, itupate. Au niandikie barua kuwa ninakaa kwako, ghorofa yoyote. Shomvi, mimi ndiye niliyekushikia mkokoteni. Mimi ndiye niliyemkorogea uji mkeo. Unanisikia?"

Alisikia. Alisikia pia, nyumba ya pili, sauti ya msichana ikipanda na kukatika. Aliijua sauti ya namna ile. Mkono wake ukaenda kwenye muhuri, ukaunyanyua. Lakini barua alizopangiwa kwa mwezi huo zilikuwa zimekwisha, na ile ya mwisho alimpa mpwa wa Bwana Nguluma. Na kamba za mlingoti zilikuwa pale nje, fundo moja tu, angeweza kulifungua kwa vidole viwili. Akaona bati lenye maua likianguka chini. Akaona pingu.

Akauweka muhuri chini taratibu, usitoe sauti.

"Mama Siwatu," alisema, "njoo Jumanne."

"Leo ni Jumanne, Shomvi!"

Shomvi akashika ukingo wa dirisha.

"Jumanne hii siyo yenyewe," alisema, akafunga dirisha. Lilikuwa dirisha la bati, alilichonga mwenyewe, dogo, la kuingiza mkono tu, na kona zake zote nne zilikuwa zimenyooka.